Wachunguzi wa Wizi wa Kalamu Wapimwe kwa Mizani Gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, msimu wa pamba ulipofunguliwa Usukumani na Ukerewe, wakulima walianza kwenda kwenye vituo vya ununuzi na mtu mmoja wa ziada. Mtu huyo hakuwa na pamba ya kuuza. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani ya mfanyabiashara na kuisoma kwa macho yake. Wakulima walikuwa wameshachoka kulalamika kwamba mzigo unaotoka nyumbani ukiwa mzito hufika mbele ya mnunuzi umepungua. Basi wakateua wapimaji wao wenyewe.

Kutokana na vuguvugu hilo vikazaliwa vyama vya ushirika, na Paul Bomani akawa mstari wa mbele. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo, maarufu kwa herufi VFCU, makao yake Mwanza, na kufikia Uhuru lilikuwa limeshika biashara ya pamba ya Kanda ya Ziwa. Kisa hicho amekieleza G. Andrew Maguire, Mmarekani aliyefanya utafiti Usukumani na kuchapisha kitabu mwaka 1969, kabla hajageukia siasa na kuingia Bunge la Marekani. Kitabu chake husomwa kama historia ya harakati za kudai uhuru. Anayetafuta maandishi yenye ushawishi juu ya uhalifu wa wenye vyeo hakitafuti hata kidogo, ingawa ndani yake mna mfanyabiashara mwenye leseni na heshima zake anayelalamikiwa kuiba kwa mizani, na mna habari ya namna alivyodhibitiwa.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu hilo hasa: wasomi wanaochunguza wizi wa kalamu, yaani uhalifu wa wenye vyeo, wanapimwaje, na nani anaachwa nje ya hesabu.

Tuanzie Philadelphia, Marekani, tarehe 27 Desemba 1939. Edwin Sutherland, rais wa chama cha wanasosholojia wa nchi hiyo, alisimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba elimu yao ya uhalifu imepinda. Walikuwa wakisoma takwimu za polisi na magereza, wakaona maskini, wakahitimisha kwamba umaskini ndio mama wa uhalifu. Yeye akawataka watazame watu wenye hadhi wanaovunja sheria wakiwa kazini kwao. Katika mifano aliyoitaja, pamoja na rushwa, hesabu za uongo za makampuni na ukwepaji wa kodi, yumo anayepunja uzito na vipimo na anayeshusha daraja la bidhaa. Mkulima wa Magu au Kwimba asingehitaji mkalimani kwa hayo. Pamba ya Kanda ya Ziwa hupangwa madaraja mawili, safi na fifi, na mwenye kalamu anaweza kumpunja mkulima mara mbili: kwa kilo anazoandika, na kwa daraja analoandika.

Hotuba ile ilichapishwa mwaka 1940, kitabu kikafuata mwaka 1949. Mpaka leo, mtu yeyote anayeandika makala ya kitaaluma juu ya uhalifu wa namna hii karibu ni lazima amtaje Sutherland. Na kutajwa huko ndiko kulikogeuzwa kipimo.

Aliyefungua njia ni Eugene Garfield, naye wa Philadelphia. Mwaka 1964 taasisi yake ilitoa faharasa kubwa ya sayansi iliyoonyesha nani kamtaja nani katika majarida. Lengo lake la awali lilikuwa kumsaidia mtafiti kufuata nyayo za wazo: makala hii imetokana na ile, na ile imezaa hizi. Baadaye wakuu wa vyuo na watoa ruzuku wakagundua kwamba hesabu hiyo inaweza kutumika kupanga watu kama wanafunzi darasani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza alama yake: msomi mwenye makala kumi ambazo kila moja imetajwa angalau mara kumi anapata alama kumi, mwenye ishirini zilizotajwa mara ishirini anapata ishirini. Siku hizi mtu akifungua Google Scholar anaiona alama hiyo pembeni mwa jina la mhadhiri wake, bila kuomba wala kulipia.

Katika elimu ya uhalifu, wahesabuji mashuhuri ni Ellen Cohn na David Farrington. Tangu mwaka 1990 walikuwa wakipekua majarida makubwa ya Marekani, Uingereza, Kanada na Australia, wakihesabu marejeo, wakitoa orodha za wanaotajwa zaidi. Ni kazi ya subira na ya uaminifu, na wenyewe wanaieleza vizuri: wanapima mazungumzo ya wasomi ndani ya majarida waliyoyachagua. Tatizo linakuja pale msomaji anaposahau maneno hayo ya mwisho.

Majarida yanayohesabiwa hufanya kazi kama nyavu. Nyavu ya inchi sita iliyotegwa ziwani kwa ajili ya sangara haitaleta dagaa, na mvuvi anayeivuta asubuhi hana haki ya kutangaza kwamba dagaa hakuna. Michael Lynch na wenzake wawili walionyesha mwaka 2004 kwamba uhalifu wa makampuni una nafasi finyu mno katika majarida na vitabu vya kufundishia vya fani yenyewe, huko huko Marekani alikotoka Sutherland. Wizi wa mitaani na vijana wakorofi wameandikiwa zaidi, kwa hiyo anayewaandika anatajwa zaidi. Kama hali ni hiyo kwa mchunguzi wa makampuni ya Chicago, anayechunguza mizani ya Kwimba kwa Kiswahili hajaingia hata majini.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya marejeo hailioni, nalo limo katika kitabu chenyewe cha Sutherland. Alichunguza makampuni 70 makubwa ya Marekani akakuta maamuzi 980 ya mahakama na tume yaliyotolewa dhidi yao. Alikuwa na majina yote. Mchapishaji akaogopa kushtakiwa kwa kashfa, majina yakaondolewa. Kwa miaka 34 kitabu kinachotajwa kuliko vyote katika fani hii kilizunguka dunia kikiwaficha wahusika wake, mpaka mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Yale kilipotoa nakala kamili. Katika miaka yote hiyo marejeo yaliongezeka. Kwa kipimo cha Garfield, kitabu kilikuwa kinashamiri. Kwa kipimo cha kampuni iliyochunguzwa ndani yake, kilikuwa kimefungwa mdomo.

Sasa turudi ziwani.

Utafiti unaojulikana juu ya uvunjaji wa sheria katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, ni wa Håkan Eggert wa Sweden na Razack Lokina wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwauliza wavuvi wadogo kama wanatumia nyavu zenye macho madogo kuliko sheria inavyoruhusu. Wengi, walikuta, wanapima hatari ya kukamatwa, na pia wanajali kama sheria ni ya haki na wenzao wanasemaje. Lakini kulikuwa na kundi dogo la wavunjaji sugu. Hao hawatishwi na adhabu wala hawaoni haya kwa jirani. Wanavunja sheria kila mara na kuzima kesi kwa rushwa.

Makala hiyo inastahili kutajwa, na inatajwa. Ila ukiisoma ukiwa mwaloni Kirumba, Mwanza, utajiuliza swali ambalo namba ya marejeo haiwezi kukujibu. Rushwa ina pande mbili. Mtoaji ameulizwa maswali. Mpokeaji, mwenye sare na mshahara wa serikali, hakukaa mbele ya dodoso. Wala tajiri, kama wanavyomwita makambini, yule mwenye mitumbwi, injini na mkopo anaoudai kwa wavuvi wake.

Mvuvi ni rahisi kumfikia: yuko ufukweni, anarekebisha nyavu, ana nafasi ya kuongea. Vitabu vya hesabu vya tajiri viko kabatini. Hata Sutherland hakuwahoji wakurugenzi. Alitumia maamuzi ya mahakama na tume kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa wazi. Matokeo yake ni kwamba utafiti mwingi juu ya uhalifu wa ziwani unakuwa utafiti juu ya maskini wa ziwani, jambo lile lile Sutherland alilolikemea mwaka 1939.

Mtu akae Kirumba nusu saa tu atazame mabondo yakipimwa. Mabondo ni kibofu cha hewa cha sangara, kitu cheupe, chepesi, kinachonunuliwa kwa kilo kwa bei inayoifanya nyama ya samaki yule yule ionekane kama nyongeza. Yakikaushwa husafirishwa hadi masoko ya China na Hong Kong. Kwa bidhaa yenye thamani hiyo, mshale wa mizani ukilegea kidogo tu, muuzaji amepoteza fedha ya kula. Kisha kuna karatasi: kilo zilizoandikwa mwaloni, kilo zilizoandikwa kwenye kibali, kilo zilizotajwa mpakani. Mwenye kuziweka karatasi hizo tatu sambamba amefanya utafiti wa uhalifu wa kalamu, hata kama hajui Sutherland ni nani. Wakala wa Vipimo hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa kukagua mizani. Mamlaka ya Mapato hufanya sehemu nyingine. Ripoti zao haziingii katika orodha ya Cohn na Farrington, na hakuna aliyewahi kutarajia ziingie.

Hapo ndipo hoja inapokaza. Katika Tanzania, maandishi yaliyotikisa watu wenye vyeo hayakuwa makala za majarida.

Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa, chini ya Jaji Joseph Sinde Warioba, mwana wa Bunda. Ripoti yake ilieleza rushwa idara kwa idara, ikatenganisha rushwa ya mwenye njaa na rushwa ya mwenye tamaa. Karibu kila mtafiti aliyeandika juu ya rushwa nchini baada ya hapo ameitumia. Wengi huiandika katika marejeo kama kazi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kompyuta inayohesabu wasomi kwa majina inampa pointi nani? Haimpi mtu.

Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, alisoma hadharani ile iliyokuja kuitwa orodha ya aibu. Waliotajwa walikanusha. Miongoni mwa mambo yaliyosemwa siku hiyo ni fedha za akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu. Januari 2008 Ikulu ilitangaza matokeo ya ukaguzi: shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, na Gavana akaondolewa. Mwezi uliofuata kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ikasoma ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, mawaziri wakang'oka. Redio zilirusha mijadala hiyo moja kwa moja, na watu wa Igoma, Buhongwa na Sengerema waliifuata kama wanavyofuata mpira.

Miaka kadhaa baadaye ndipo majarida yakafika. Hazel Gray, mwanazuoni wa Uingereza, alichapisha mwaka 2015 uchambuzi mzuri wa ufisadi mkubwa nchini, akieleza kwamba kashfa hizo haziwezi kueleweka bila kuangalia makundi yanayogombea nguvu ndani ya chama tawala. Wanafunzi wa nje wanamtaja yeye. Mkaguzi aliyefungua mafaili na mbunge aliyesoma kurasa usiku kucha wanabaki kwenye tanbihi, wakibahatika.

Hata hivyo si busara kuruka upande wa pili na kudai kwamba kelele ndiyo kipimo. Mwanza inalijua hilo kuliko mji mwingine. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa, ikidokeza kwamba ndege zinazobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya zilikuwa zikija na silaha kwa ajili ya vita vya Afrika. Ilishinda tuzo, ikateuliwa kuwania Oscar. Huko Ufaransa watu wakaanza kusitasita mbele ya bucha la samaki. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaishutumu hadharani, akisema imeichafua nchi. Ukihesabu mara ngapi filamu hiyo imetajwa, ni miongoni mwa kazi zenye ushawishi mkubwa kabisa juu ya Ziwa Victoria. Lakini anayeitaja kuisifu na anayeitaja kuipinga wanahesabiwa sawa, mmoja na mmoja.

Na ushawishi ukiwa wa kweli, bado unaweza kuumiza. VFCU iliyozaliwa kwa kupinga mizani ya wafanyabiashara yenyewe ilikuja kulalamikiwa. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika ikakuta ubadhirifu, upendeleo na usimamizi mbovu, na serikali ikaviweka vyama vingi chini ya uangalizi wake. Göran Hydén, aliyefundisha Afrika Mashariki, alitoa mwaka 1973 kitabu juu ya ushirika wa ukanda huu, akionyesha mvutano kati ya ufanisi na mgawanyo. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na chama kikuu cha Nyanza, mrithi wa VFCU, kikasimama tena. Mkulima aliyeibiwa na karani wa chama alijikuta ameondolewa karani na chama kwa pamoja. Uchunguzi wa mwaka 1966 ulisikilizwa, bila shaka. Swali ni nani alipima kilichotokea kwa mkulima baada ya kusikilizwa kwake.

Kipimo kigumu kuliko vyote kiko majini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, meli yenye uwezo wa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tume ya Jaji Robert Kisanga ikachunguza. Kupakia abiria kuliko cheti kinavyoruhusu, na kuandika orodha isiyolingana na waliomo, ni uhalifu wa ofisini kwa maana kamili ya Sutherland: hufanywa kazini, na watu wenye cheo, kwa kalamu au kwa kuacha kuitumia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka mita chache kutoka gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220, maana yake walikuwa zaidi ya mara mbili ya watu walioruhusiwa kupanda. Ripoti ya mwaka 1996 ingeweza kutajwa katika makala elfu moja na isibadilishe hesabu ya watu kwenye gati la Bugorora, kivuko hicho kilikotokea.

Kwa nini hayo yamhusu mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Malimbe, au wa Dar es Salaam? Kwa sababu anapandishwa cheo kwa machapisho, na jarida la nje lina hadhi kuliko la ndani. Wizara ya Elimu nayo katika miaka ya karibuni imetenga tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye sifa. Nia ni njema, na sayansi ya tiba inayofanyika katika hospitali ya Bugando ina kila sababu ya kushindana duniani. Ila mchunguzi wa wizi wa kalamu anajikuta njia panda. Akiandika kwa Kiingereza juu ya nadharia ya rushwa, atatajwa. Akiandika kwa Kiswahili jinsi kilo zinavyopotea kati ya mwalo na mpaka, watasoma wenye mwalo, na fomu ya kupandishwa cheo itabaki na nafasi tupu.

Dawa yake haihitaji kuzitupa hesabu za Garfield. Inahitaji kuongeza safu nyingine pembeni yake. Je, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameitumia kazi hii katika ripoti anayomkabidhi Rais kila Machi? Je, imetajwa bungeni na ikaingia katika kumbukumbu rasmi? Je, kuna kanuni iliyobadilika, mizani iliyokaguliwa, kibali kilichofutwa kwa sababu yake?

Safu nyingine, ya mahakama, inaweza kuanza kujazwa mwaka huu. Mahakama Kuu ina divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi tangu 2016, na hukumu za mahakama za Tanzania huwekwa bure katika mtandao wa TanzLII. Mwanafunzi wa sheria pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino anaweza kuzipitia moja moja na kuandika: hakimu au jaji aliposhughulikia kesi ya ubadhirifu, alimtegemea msomi gani, ripoti gani, mkaguzi gani? Huenda Sutherland akajitokeza, huenda Warioba, huenda asionekane msomi yeyote. Kazi hiyo haihitaji ruzuku kutoka nje. Inahitaji kompyuta, muhula mmoja, na mwalimu atakayekubali kuihesabu kama utafiti.